Kuunga amplifaya ya stereo na hom thieta kwa kutumia spika zilezile mbili za mbele

Wakuu, kama sebuleni una hom thieta ya kuangalia muvi na mpira, alafu pembeni una amplifaya ya stereo unayoipenda kwa ajili ya muziki, huna haja ya kupanga spika nne mbele ya tivii. Spika mbili za mbele zinaweza kufanya kazi zote mbili, muziki unapigwa na amplifaya ya stereo peke yake risiva ikiwa imezimwa kabisa, na muvi ikianza zinaungana na spika zingine kama kawaida. Kwangu nimeunga hivi miaka kadhaa sasa na nimewaungia ndugu na majirani, kwahiyo ntaeleza kila kitu mpaka pale ambapo watu huwa wanaunguza vitu, maana hapo ndo pana maumivu.

Tuelewane majina kwanza. Risiva ni lile dude lenye matundu ya HDMI nyuma, linapokea king'amuzi, deki na tivii alafu linagawa sauti kwa chaneli tano, saba au zaidi. Amplifaya ya stereo ni ya chaneli mbili tu, kushoto na kulia, ina nobu kubwa ya sauti na matundu ya CD, AUX, na nyingine za santuri.

Kwanini mtu ajisumbue? Kwenye boksi la risiva wanaandika wati 100 kila chaneli, lakini mara nyingi kipimo hicho kimechukuliwa chaneli mbili tu zikifanya kazi, zikiamka zote saba kwa pamoja transfoma ni ileile moja na wati zinashuka. Amplifaya ya stereo transfoma yake yote ni ya spika mbili. Ukiitoa mizigo ya mbele kwenye risiva, inabaki na spika ya kati na za nyuma, inapumua na haichemki sana. Ila usidanganyike na namba kubwa za wati, ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu zaidi, yani tofauti ndogo sikioni, kwahiyo kutoka amplifaya ya wati 50 kwenda ya wati 100 sio kwamba sauti inakuwa mara mbili. Unachokifuata hapa ni usafi na utulivu wa muziki, sio kelele. Na niseme ukweli wangu, kama spika zako umezibana ukutani nyuma ya kochi, anza kuzipanga vizuri kwanza kabla hujanunua chochote. Wewe na spika mbili za mbele mfanye pembetatu yenye pande sawa, kila spika nyuzi 30 kutoka katikati, na za pembeni ziwe kwenye nyuzi kama 110, kidogo nyuma ya masikio. Hiyo ni bure na inabadilisha sauti kuliko amplifaya yoyote.

Sasa sheria moja ambayo haina mjadala. USIFUNGE waya za amplifaya mbili kwenye spika moja kwa wakati mmoja, hata kama moja imezimwa. Watu wanafikiri ikizimwa inakuwa imelala, hapana, umeme wa ile inayopiga unaingia kwa mlango wa nyuma kwenye ile nyingine, unakutana na transista za kutolea sauti na moja wapo inaungua, au zote mbili. Nshaletewa risiva iliyokufa kwa njia hii mara mbili na zote wenye nazo waliniambia "lakini nilikuwa nimeizima".

Kwahiyo mpango wetu uko hivi: spika mbili za mbele zinahamia kwenye amplifaya ya stereo moja kwa moja na hazitoki hapo. Risiva ikizihitaji kwa muvi inapiga hodi kwa amplifaya, inapeleka sauti ndogo ambayo haijakuzwa kwa waya za RCA (zile za plagi ya duara yenye pini katikati, mara nyingi moja nyekundu na moja nyeupe), amplifaya inaikuza na kuipeleka kwenye spika. Spika ina bwana mmoja tu siku zote.

Geuza risiva uangalie mgongoni. Unatafuta matundu ya RCA yameandikwa PRE OUT, ndo yanayotoa ile sauti ndogo, na chini yake FRONT L na R (mbele kushoto na kulia). Risiva za bei ya chini mara nyingi zina moja tu ya sabufa, hiyo haitusaidii. Za kati kwenda juu zinayo, mfano Denon AVR-X3700H ina matundu hayo kwa chaneli zote. Angalia vizuri usichanganye na ZONE 2 PRE OUT, hiyo ni ya kupeleka muziki chumba kingine na sauti ya muvi haitafuata mpangilio wa spika zako.

Alafu geuza amplifaya ya stereo. Hapa unatafuta mlango ambao unaruka nobu ya sauti na kuingia moja kwa moja sehemu ya nguvu, na kila kampuni inauita jina lake: HT BYPASS, POWER AMP IN, MAIN IN, au EXT. PRE kama kwenye Denon PMA-1600NE. Yamaha A-S1200 wameandika MAIN IN. Hata za zamani zipo, NAD 3020 ya mwaka 1978, ile ya wati 20 ambayo watu mpaka leo wanaitafuta, nyuma yake ina vipande vya chuma vilivyopinda vinavyounganisha sehemu ya kwanza na sehemu ya nguvu, ukivichomoa unaweza kuingiza sauti ya nje pale pale (usivitupe, bila hivyo ukirudi kwenye muziki wa kawaida haitoi sauti).

Ukiwa na vyote viwili, PRE OUT kwenye risiva na mlango wa kuruka nobu kwenye amplifaya, kazi ni ya dakika kumi. Zima vyote na uchomoe plagi ukutani, sio kuzima kwa rimoti. Toa waya za spika za mbele kwenye risiva uzifunge kwenye amplifaya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na uhakikishe hakuna unywele wa waya umechomoza ukagusa jirani. Waya za RCA zitoke FRONT L na R ya risiva ziingie kwenye ule mlango. Za kati, za nyuma na sabufa zinabaki kwenye risiva kama zilivyokuwa. King'amuzi, deki na tivii vinabaki kwenye risiva, lakini CD, santuri, au kile kipokezi cha Bluetooth cha simu unavichomeka kwenye amplifaya. Ukitaka muziki unachagua CD kwenye amplifaya, risiva izime. Ukitaka muvi unachagua ule mlango wa kuruka nobu, na kuanzia hapo sauti yote unaiendesha kwa rimoti ya risiva.

Sasa sikilizeni hapa kwa makini. Ule mlango wa kuruka nobu maana yake amplifaya iko wazi kabisa, nobu haina kazi, kila kinachoingia kinatoka kwa nguvu yote. Risiva ndo breki peke yake. Ukichomeka simu au CD kwenye mlango huo, spika zinapigwa kama zimewekwa mwisho wa sauti. Mdogo wangu alifanya hivyo siku sipo, alichomoa waya za risiva akachomeka simu aweke nyimbo wageni wakija, twita ya kushoto (ile spika ndogo ya sauti nyembamba) iliungua palepale na spika ile ilikuwa ya kuagiza, hakuna ya kubadilisha mtaani. Tangu siku hiyo kila mfumo nnaounga nabandika karatasi nyuma, "RISIVA TU". Nakuomba na wewe ufanye hivyo, hasa kama nyumba ina vijana.

Kama amplifaya yako haina mlango huo, usikate tamaa, wengi wetu hatuna. Unatumia AUX ya kawaida, ila nobu lazima iwe na sehemu moja maalum kila ukiangalia muvi, maana risiva inapangilia spika zote ikijua ya mbele ina nguvu kiasi fulani, ukisogeza nobu mpangilio wote unavurugika, sauti za watu zinazama chini ya muziki au kinyume chake. Namna ya kuipata hiyo sehemu: ingia kwenye menyu ya risiva, levo za spika zote weka sifuri, washa ile sauti ya majaribio inayofanya shhhhh ikizunguka spika moja moja. Pakua kwenye simu programu ya kupima desibeli, keti unapoketi siku zote, pandisha risiva mpaka spika ya kati isome kama 75, alafu ikifika zamu ya spika za mbele zungusha nobu ya amplifaya pole pole mpaka nazo zisome 75. Hapo ndo penyewe. Weka alama, mimi natumia kipande kidogo cha plasta nyeupe, wengine rangi ya kucha. Kama amplifaya yako inaonyesha sauti kwa namba ni rahisi zaidi, iandike hiyo namba. Na baadhi ya amplifaya mpya kwenye menyu zinakuruhusu kufunga sauti ya mlango mmoja isibadilike, kama ipo itumie, inaondoa kabisa shida ya kusahau.

Shida yenyewe ya kusahau iko hivi: ulikuwa kwenye muvi nobu iko kwenye alama, unabadili kwenda CD na CD inatoa nguvu nyingi kuliko ulivyozoea, sauti inalipuka. Jizoeze kushusha nobu kabla ya kubadili mlango, kila mara.

Na kama risiva haina PRE OUT? Hapa ndo wapo wenye hom thieta za boksi, zile zinazokuja na spika zake ndogo tano na sabufa. Kuna njia mbili na zote ni za pili kwa ubora. Ya kwanza ni kifaa kidogo kinachopokea waya za spika na kutoa RCA, mafundi wa redio za magari wanakijua sana kwa sababu ndo wanachotumia kuunga amplifaya kwenye redio ya gari isiyo na RCA. Unakifunga pale spika za mbele zilipokuwa, RCA zake zinaenda AUX ya amplifaya na unafuata ile habari ya alama ya nobu. Chagua chenye transfoma ndani, sio cha rezista tu, kwa sababu hom thieta nyingi za siku hizi upande hasi wa spika sio ardhi, una umeme wa sauti nao, ukiugusanisha na ardhi ya amplifaya unaweza kuua kitu.

Ya pili ni boksi la swichi, amplifaya mbili zinaingia, spika mbili zinatoka, unachagua nani anapiga. Inafanya kazi na hakuna sauti inayopita mara mbili, lakini boksi lazima likate nyekundu na nyeusi zote mbili na liachie upande mmoja kabla ya kushika mwingine, yale ya bei rahisi yanayounganisha nyeusi zote pamoja achana nayo. Na usizungushe swichi muziki ukiwa unapiga. Kama amplifaya yako ni ya valvu, zile zenye taa za kioo badala ya transista, njia hii isahau, amplifaya za valvu hazitakiwi kupiga bila spika hata dakika moja.

Tuje kwenye kusetisha, watu wengi wanaunga vizuri alafu hapa wanaruka. Risiva nyingi zinakuja na maiki yake ya kupima spika na chumba alafu inajisetisha yenyewe, Denon na Marantz mfumo huo wanauita Audyssey, Yamaha wana YPAO, nyingine zina Dirac. Lazima urudie kipimo hicho upya baada ya kuunga amplifaya, mpangilio wa zamani haufai tena. Kabla hujaanza weka besi na trebo za amplifaya katikati, balansi katikati, kile kitufe cha loudness kizime, maana maiki itasikia yote hayo na kuyahesabu kama tabia ya chumba. Maiki iwe urefu wa sikio lako ukiwa umeketi, kwenye stendi ya kamera sio mkononi wala juu ya kochi, zima feni, watoto watoke.

Ikimaliza nenda kaangalie levo ilizoweka. Spika za mbele zikiwa karibu na sifuri uko vizuri. Ikisoma chini kabisa, kama -12, maana yake amplifaya yako inakuza kupita kiasi na risiva imefika mwisho wa kushusha, kwahiyo shusha nobu kidogo (kama uko kwenye AUX), hamisha plasta, rudia. Kwenye mlango wa kuruka nobu huna cha kushusha lakini mara nyingi inakaa vizuri yenyewe. Ikikuletea ujumbe kwamba spika ya mbele imegeuzwa nyekundu na nyeusi, kagua waya kwanza, kama ziko sawa basi kuna amplifaya zinazogeuza sauti zenyewe kwa utengenezaji wake, hapo geuza nyekundu na nyeusi kwenye spika zote mbili za mbele, sio moja.

Habari ya "Small" na "Large" kwenye menyu inachanganya sana. Haihusiani na ukubwa wa spika kwa macho, inauliza tu kama besi ya spika hiyo ipelekwe kwenye sabufa au ibaki. Mimi naweka Small na krosova (mpaka ambao besi ya chini yake inapelekwa kwenye sabufa) 80 hezi hata kwa spika ndefu za kusimama, kwenye muvi sabufa ibebe mizigo ya chini na amplifaya ibaki huru. Kwenye muziki kupitia amplifaya ya stereo spika zitapiga mzima mzima bila krosova, na ndo tunachotaka, ila sabufa itakuwa imekaa kimya kwa sababu risiva imezimwa. Wanaopenda besi hawafurahii hili. Dawa ipo kama sabufa yako ina milango ya aina mbili inayofanya kazi kwa pamoja, LFE (ule wa RCA wa besi) kutoka risiva na ule wa waya za spika. Toa waya nyembamba kutoka kwenye matundu ya spika ya amplifaya, palepale spika zilipofungwa, zipeleke kwenye sabufa, haivuti nguvu yoyote ya maana. Kwenye muvi ukiwa umeweka Small, mlango huo haupati besi ya kurudia kwahiyo havigombani. Ila kama amplifaya ni ya daraja D (Class D, zile za kidijitali nyepesi) au imeunganishwa kwa bridji (chaneli mbili zimefanywa moja), soma kitabu chake kwanza kuhusu wapi nyeusi inaenda.

Mngurumo. Ukiwasha ukasikia mmmmm ya chini isiyobadilika hata ukishusha sauti, huo ni umeme wa 50 hezi unazunguka kwenye ardhi kati ya vifaa viwili vilivyochomekwa sehemu tofauti. Anza kwa kuchomeka risiva, amplifaya, tivii na sabufa kwenye eksitensheni moja, nusu ya matatizo inaishia hapo. Ikiendelea chomoa ule waya wa dishi au antena kwenye king'amuzi, mngurumo ukikata umempata mwizi, tafuta kizuizi cha ardhi cha waya wa antena. Waya za RCA zisilale sambamba na waya za umeme, zikikutana zipishane kama msalaba. Kitu ambacho sitaki kukisikia ni mtu kuvunja ile pini ndefu ya ethi kwenye plagi ili mngurumo uishe, unaisha kweli, na siku bodi la amplifaya likipata umeme anayegusa ndo anakuwa ethi.

Kwa wanaonunua vitu used Kariakoo au kuagiza. Amplifaya nyingi nzuri za zamani zinatoka Japani na zile zilizotengenezwa kwa soko la ndani la huko ni za volti 100, za Marekani ni volti 120, hapa kwetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani inakufa kabla hujasikia wimbo. Kibao cha volti kipo nyuma karibu na waya wa umeme, kisome mwenyewe, usikubali neno la "hii tumeshaijaribu". Nyingine nyuma zina swichi ya kuchagua volti, zingine hazina na itabidi ununue transfoma ya kushusha, iwe na uwezo mkubwa kuliko wati za matumizi zilizoandikwa nyuma ya amplifaya, ikilingana inachemka. Nilinunua moja siku za mwanzo bila kugeuza nyuma na niliipoteza siku ileile, ndo maana nasisitiza.

Kuwasha kuna mpangilio, risiva kwanza, subiri sekunde chache, amplifaya mwisho. Kuzima kinyume chake, amplifaya kwanza. Ukikosea unasikia "dup" kwenye spika, mara moja haiui ila kila siku sio vizuri. Kama zote zina kile kitundu cha triga ya volti 12 (TRIGGER, cha kutuma ishara ya kuwaka), waya mmoja mdogo unafanya amplifaya iamke yenyewe risiva ikiwaka. Na umeme ukikatika katikati ya muvi nenda kazime amplifaya kwa swichi yake, maana zile za swichi ya kubonyeza umeme ukirudi zinawaka zenyewe hapo hapo na umeme wa kurudi huwa unakuja na mshtuko. Ile gadi ya friji inayochelewesha dakika chache inafaa sana hapa ilimradi uwezo wake unatosha.

Ukimaliza yote weka muvi yenye gari linalopita kutoka kushoto kwenda kulia. Sikiliza likifika katikati. Likififia hapo ongeza spika ya kati desibeli 1, sikiliza tena, ongeza nyingine kama bado. Kama ni sauti yenyewe inayobadilika, kama gari lingine limeingia, hiyo ni spika ya kati ya familia tofauti na za mbele, amplifaya haihusiki na hakuna nobu ya kuitibu, tafuta ya kati ya kampuni na toleo moja na hizo mbili.